Babu wa kifaru: shajara ya mradi wa kumbukumbu za vita za familia yetu, Old Moshi

Naandika hapa kila hatua ikiisha, hasa pale nilipoharibu, maana najua familia nyingi huku mlimani zina nishani kwenye droo na hakuna anayejua ni ya nini. Ukitaka kuiga iga tu, ila haya makosa nimeshayalipia mimi, usiyalipie tena.

15 Juni 2024: Imeanzia msibani

Wazo lilizaliwa msibani kama mambo mengi ya ukoo wetu. Tumekaa nyuma ya nyumba tunakula, kijana wa form three kashika nishani ya babu, ile nyota ya shaba ambayo imekuwa ikihama droo za watu tangu babu afariki 1998, anauliza hii ni ya vita gani. Majibu yaliyotoka hapo, daah. Mmoja kasema babu alipigana na Mjerumani, mwingine Mjapani, binamu yangu wa Dar akasema ni ya Kagera wakati 1978 babu alikuwa na miaka 50 na kitu na kazi yake ni kupeleka kahawa chama cha msingi, na kuna mtu mzima kabisa alitaja Majimaji, sitamtaja maana tutakutana Krismasi.

Nikasema basi, Desemba watu wote wakipanda nyumbani wakute bango kubwa kihambani (shamba letu la nyumbani), picha, nishani kwenye fremu, na sauti za wazee zimerekodiwa. Bajeti 150,000. (Cheka tu.)

30 Juni: Wiki mbili natafuta mtu kwenye orodha asiyoweza kuwemo

Kosa la kwanza na la kijinga kuliko yote. Niligugo majina ya askari wa Keya. Keya ndo KAR, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, wazee wanaitamka hivyo kama neno moja. Nikaangukia kwenye tovuti ya CWGC, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita, ina sehemu ya kutafuta jina bure kabisa. Kila usiku nikitoka kazini naandika jina la babu, Yohana, hakuna, naandika Johana, Yohane, Johanna, hakuna, bando la 10,000 limeisha. Wiki ya pili ndo nasoma maelezo vizuri, kumbe wanaorodhesha waliokufa tu, kwa Vita vya Pili wanahesabu kuanzia 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Babu yangu alirudi, akaoa, akapanda kahawa, akatuchapa wote. Hawezi kuwa mle.

Nikampigia shangazi kumlalamikia, akacheka mpaka akakohoa. "Yohana wa wapi mwanangu? Hilo kabatizwa nalo akiwa ameshatoka vitani." Yaani jeshini aliingia na jina lake la Kichaga na jina la baba yake, sisi wajukuu wote tunamjua kwa jina ambalo jeshi halikuwahi kulisikia. Hilo la Kichaga silitaji humu, wazee wameomba.

Ila zile wiki mbili hazikwenda bure zote. Jirani yetu wa chini, mzee wa miaka 80 na kitu, alikuwa na kaka yake ambaye kwao wanasema tu "alipotelea majini". Nikajaribu jina lake. Hamna. Nikaweka herufi nne za mwanzo tu badala ya jina zima, na pale kwenye L nikaweka R, maana aliyekuwa anaandika ni Mzungu anasikiliza Mchaga. Akatokea. Jina limekatwa herufi moja katikati, jina la baba yake sawa, na mwisho wameandika Moshi, Tanganyika. Tarehe ya kufa 12 Februari 1944. Hiyo ni siku meli ya Khedive Ismail ilipigwa na manowari ya Kijapani karibu na Maldives ikitoka Mombasa kwenda Ceylon, walikuwemo watu 1,511 wakafa 1,297, na 675 kati yao walikuwa wa rejimenti moja tu ya mizinga ya Afrika Mashariki. Ilizama kwa dakika chache. Majina yao yako Nairobi, kwenye mnara wa kumbukumbu palepale makaburi ya vita.

Nilichapisha ule ukurasa nikampelekea. Akausoma, akaukunja mara nne, akauweka mfuko wa shati, akaniuliza kama nimeshakunywa chai.

21 Julai: Limau na majivu

Hapa msinifuate. Nishani ilikuwa imepiga weusi, nikaona aibu kuiweka kwenye fremu hivyo, nikachukua limau na majivu nikasugua kama sufuria la ubwabwa. Ikang'aa kweli. Halafu nikamtumia picha jamaa mmoja anayekusanya sarafu za zamani, akanijibu kwa neno moja tu, "Kwanini?" Kumbe ule weusi ndo umri wake, ukiutoa haurudi, na kona za herufi nimezilainisha. Sasa hivi inaonekana kama imenunuliwa juzi sokoni Mbuyuni. Ukiwa na nishani ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, basi, usiende mbali.

Kitu kingine, nilipoteza jioni nzima na tochi ya simu natafuta jina lake ukingoni na nyuma. Nyota za Uingereza za Vita vya Pili walizitoa bila kuchonga jina, kwahiyo usijiumize macho. Mbele imeandikwa tu kwa Kiingereza kwamba ni nyota ya Burma, kule walikopigana na Mjapani, katikati kuna taji na herufi za mfalme George wa Sita. Hilo peke yake lilitosha kumaliza ubishi wa msibani. Mjapani.

Utepe ulishapotea. Nikaenda kwa fundi cherehani na picha kwenye simu iliyopasuka kioo, akanipa mwekundu na njano, 4,000. Rangi zenyewe ni bluu ya giza pembeni, wekundu mpana katikati, na mistari ya chungwa. Fundi mwingine akashona vipande vitatu pamoja, 5,000, na huo umekaa poa.

25 Julai: Siku ya Mashujaa

Nilipanda kumfuata shangazi, sikumkuta. Baba mdogo alikuwepo, anapimia kuku pumba kwa kikombe chake cha bati, redio inatangaza gwaride. Nikamwamkia, nikamuuliza shangazi kaenda wapi, nikaondoka. Naliandika hili kwa sababu litarudi.

11 Agosti: Rekodi ya kwanza, na neno "baba"

Memori kadi 25,000, daftari 3,000, sukari na majani na sabuni za kupeleka kwa wazee (jumla mpaka mwisho wa mradi zilifika 46,000 na hapo hutakiwi kubana). Shangazi kaongea saa 1 na dakika 40. Kilichorekodiwa ni dakika 22. Dakika ya 22 ilipigwa simu ya vikoba, rekodi ikakata yenyewe, na mimi nimeiweka simu kifudifudi sioni. Halafu hata hizo 22, mvua ilianza kwenye bati, unasikia kama mtu anakaanga bisi. Tangu hapo simu inakuwa flaiti modi, na tunakaa chini ya mti au jikoni kwa moto, siyo sebuleni.

Ila kilichobaki kichwani kilinishtua. Sisi wote tunajua hadithi kwamba baba yake babu alienda na Wadachi, yaani Wajerumani, akafia Tanga kwenye vita vya nyuki. Nimeshaiandika kwenye daftari kama hatua ya kwanza ya bango. Sasa naipanga miaka, vita vya Tanga ni Novemba 1914, babu kazaliwa kama 1922. Haiingii akilini. Marehemu wa 1914 kamzaa vipi mtu wa 1922?

Nikarudi kwa shangazi na hesabu zangu kama mwanasheria. Hakusumbuka hata kidogo. "Baba mkubwa mwanangu. Baba yake mkubwa." Babu alikuwa akisimulia anasema "baba alifia Tanga", kama ninyi nyote mnavyosema baba kwa ndugu yoyote wa baba zenu. Hakudanganya mtu. Sisi wa shule ndo tuliosikia baba mmoja tu.

Na habari yenyewe inakaa vizuri. Reli ilishafika Moshi kabla ya vita, na Waingereza walipojaribu kuteremsha jeshi Tanga na askari wao wa Kihindi kama 8,000, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alijaza treni hapa hapa Moshi akateremsha askari wake huko. Nyuki wa kule mashambani wakavurugwa na risasi, wakauma watu, Waingereza wakarudi melini wakaacha bunduki na risasi ufukweni. Kwahiyo mtu wa Old Moshi kufia Tanga Novemba 1914 siyo hadithi ya ajabu.

14 Septemba: Kifaru

Hii ndo siku ya mradi wote kwangu.

Tangu tukiwa wadogo tunajua babu alikuwa "wa kifaru". Alikuwa akinywa mbege kidogo anapiga kifua, "sisi ni wa kifaru!" Kwahiyo kila mjukuu anajua babu aliendesha kifaru cha vita, binamu yangu alishawahi kuichora darasani, babu katoa kichwa juu ya kifaru na kofia. Nilishaanza kutafuta picha za vifaru vya Burma za kuweka kwenye bango.

Picha pekee ya babu na sare ni ndogo kama kitambulisho, imeliwa na mende kona moja. Nilikuwa nimeipiga kwa simu, ukivuta inakuwa ukungu. Nikaipeleka steshenari mjini wakaiskani kawaida, ukungu vilevile. Safari ya tatu nikamwomba dada aweke dpi 600, akanung'unika mashine inachelewa, nikamwambia nasubiri. Ikafunguka kwenye kompyuta yake, tukavuta begani, kuna alama pale, kichwa cha mnyama. Pembe puani.

Dada wa steshenari ndo aliyesema. "Si faru huyu?"

Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki sikumbuki muda gani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoenda Burma, alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Mnyama. Babu hakuwahi hata siku moja kusema aliendesha kitu, alisema ni *wa* kifaru, kama mtu anavyosema ni wa Simba au wa Yanga. Sisi tumezaliwa kifaru ni chuma chenye mzinga, tukamjazia.

Nyuma ya picha kuna penseli, "36 K" na pengine pamechanika. Mama alidhani ni bei. Divisheni ile ilikuwa na batalioni mbili za Keya za Tanganyika, ya 26 na ya 36. Hawa waliteremka bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944 katikati ya masika ya kule, matope mpaka magari yanavutwa kwa kamba, malaria, wakafika Kalewa mwanzoni mwa Desemba, na wahandisi wakatandika daraja la Bailey, lile la vyuma vya kuunganisha, juu ya mto Chindwin, mita 350 hivi, kipindi kile refu kuliko yote ya aina yake duniani. Shangazi nilipomsomea haya akasema sasa ndo anaelewa kwanini babu alikuwa hataki kabisa kulala mvua ikinyesha, alikuwa anakaa macho jikoni mpaka ikatike.

Skani zote na kuchapa picha, 32,000. Kama ningeanza na 600 ingekuwa nusu.

12 Oktoba: Makaburi ya mjini na safari ya Taveta

Nitakwenda haraka. Makaburi ya vita hapa Moshi yapo, yametunzwa, mawe yamepangwa kwa mstari. Nilizunguka natafuta wapagazi. Wale waliobeba mizigo ya Mwingereza Vita vya Kwanza, Carrier Corps, ndo tumepata jina la Kariakoo, kambi yao ilikuwa pale Dar, na watu wanaoenda kununua vitenge hawana habari. Mwaka 2021 CWGC wenyewe walitoa ripoti wakakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na wanaweza kufika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Na hao ni wa upande wa Mwingereza. Baba mkubwa wa babu alikuwa na Mdachi, kwahiyo hata kwenye hesabu ya waliosahaulika hayumo.

Taveta, upande wa Kenya, nilivuka mpaka wa Holili kwa kibali cha muda, boda, nikaviona vilima vya Latema na Reata Waingereza na Wajerumani walipopigana 11 na 12 Machi 1916, siku chache tu baadaye Smuts, jenerali wa upande wa Mwingereza, akaingia Moshi. Nimepiga picha 60, imetumika moja. 38,000 zimeondoka. Kwa anayeiga: ruka hii, picha ya kilima ni picha ya kilima.

23 Novemba: Bango la kwanza, na baba mdogo

Bango la flex, 45,000. Nilimpa kijana wa kudizaini maandishi na picha zangu, nikamwambia pale kwenye Burma aongeze "kamandhari kidogo". Sikurudi kuangalia kabla hajachapa, nilikuwa na haraka. Nikalipandisha nyumbani limekunjwa, tukalifungua uani, baba mdogo katoka bandani na kikombe chake mkononi, akalisoma lote kimya kuanzia juu mpaka chini.

"Hii helikopta ya nani?"

Kijana kaweka picha ya wanajeshi wa Kimarekani wakishuka kwenye helikopta, Vietnam kabisa, miaka 20 baada ya babu kurudi. Nikaanza kujitetea. Akanikata.

"Na naona mnasubiri nife kwanza."

Baba mdogo alikuwa mgambo, akaenda Kagera akiwa na miaka 21. Tunajua wote. Mimi nimehangaika na tovuti, na kilima cha Kenya, na bega la marehemu, na huyu nimempita mara nane nikiulizia shangazi yuko wapi. Kwenye bango zima neno Kagera halimo.

Sikulala. Asubuhi nilikata jani la sale, nikaenda nalo kwake. Kwa wasio wa huku, ukimpelekea mtu sale hana tena pa kukataa. Alilishika, akalichomeka kwenye ukuta wa banda, akasema kaa.

Kaongea siku mbili. Flaiti modi, jikoni. Alisikia hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978 kwenye redio ya padri, uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na kesho yake akajiandikisha. Kyaka wamekuta daraja limeshavunjwa na Amin. Kutoka hapo anachokumbuka zaidi ni miguu, wametembea, Mutukula, Masaka, mpaka Kampala imeanguka 11 Aprili 1979 yeye yuko nyuma kidogo na malengelenge, wanakula ndizi za Waganda anazisifia mpaka leo kuliko zetu (hili tuligombana). Na hakujua mpaka nilipomwambia kwamba Machi ile ile yeye yuko porini, Waganda waliokimbia Amin walikuwa wanakutana hapa hapa Moshi kupanga serikali, wakamchagua Lule aiongoze. "Moshi hii?" Moshi hii.

Nikamuuliza kama ana kitu chochote kilichobaki cha kuweka kwenye maonyesho, beji, kofia, barua. Akafikiri. Akaniambia vyote viliisha, kofia ilivaliwa shambani ikaoza. Halafu akamimina pumba chini, akakung'uta kile kikombe kwenye goti, akanipa. Cha bati, rangi ya kijani imebaki ndani ya mpini tu, na kwenye kitako kimechongwa namba kwa msumari, mwandiko wake. Kimepima chakula cha kuku miaka 45.

Sijakisugua.

28 Desemba: Siku yenyewe

Bango la pili, 45,000 nyingine, safari hii nilikaa na kijana mpaka mwisho na hakuna picha ya intaneti hata moja. Fremu ya nishani 35,000. Walikuja watu kama 60. Kijana wa form three ndo aliyeelezea watu, na alipofika kwenye kifaru binamu yangu wa Dar alikataa kabisa mpaka akaonyeshwa bega kwa lenzi. Jirani wa chini alikuja na karatasi yake mfukoni, ile ile, imeshaanza kukatika kwenye mikunjo. Tumeilaminesheni.

Baba mdogo aliulizwa maswali kuliko bango.

4 Januari 2025: Hesabu

Bando 10,000, kadi na daftari 28,000, vya wazee 46,000, utepe mara mbili 9,000, fremu 35,000, skani na picha 32,000, Taveta 38,000, mabango mawili 90,000, nauli nyingine zote 51,000. Jumla 339,000. Ukitoa Taveta, bango la helikopta, bando na utepe wa kwanza, unaweza kuifanya kwa 242,000.

Faili za sauti ziko sehemu tatu, simu yangu, flashi kwa shangazi, na flashi kwa binamu wa Dar. Kikombe kilikuwa mezani karibu na nishani mpaka tarehe 29 asubuhi, nilipoamka hakipo, nikatoka nje nimeshaanza kupaniki, nikasikia kuku.